Kelele ya mashine mpya ni deni la fundi

Pampu mpya ya kisima inapowashwa kwa mara ya kwanza, mngurumo wake ni muziki kwa aliyeinunua. Ameachana na ndoo, maji yanapanda yenyewe hadi kwenye simtanki, na kila apitaye njiani anajua kuwa nyumba ile imepiga hatua. Furaha hiyo hudumu wiki moja, pengine mbili. Baada ya hapo mngurumo unabaki kuwa mngurumo: unaamsha mtoto saa tisa usiku, unapenya ukuta wa jirani, unamfanya mgonjwa ahesabu kenchi za paa hadi alfajiri. Anayelalamika hujibiwa neno moja tu, "utazoea". Naamini neno hilo linamtwisha jirani mzigo usio wake. Kelele ya mashine mpya nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni kazi ambayo fundi hajaimaliza, na kazi isiyokwisha hailipwi yote.

Nachukua mfano wa Chanzuru, wilayani Kilosa, kwa sababu vijiji vya aina yake ndivyo vinavyopokea mashine hizi sasa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2005, umesogeza nguzo hadi mahali ambapo kizazi kilichopita hakikuzitarajia, na ada ya kuunganishiwa umeme kijijini, shilingi 27,000, haifiki bei ya mbuzi. Umeme ukishaingia, taa huwa mwanzo tu. Inafuata friji, kisha pampu, kisha mashine ya kusaga au kukoboa kwenye kona ya uwanja, maana huku ni nchi ya mahindi na mpunga. Hita ya maji ya kuoga ni adimu zaidi. Joto la bonde la Kilosa halimsukumi mtu kwenye maji ya moto kama baridi ya Njombe au Lushoto inavyomsukuma, ingawa nyumba za wageni na baadhi ya nyumba mpya zinazo. Boila za Ulaya, zile za kupasha joto nyumba nzima, hazina kazi kabisa hapa. Lakini manung'uniko ya wanaofungiwa boila mpya huko ni yale yale ya anayefungiwa pampu huku: dukani ilikuwa kimya, ukutani kwangu inanguruma.

Si kwamba ukanda huu ulikuwa kimya kabla ya nguzo za umeme. Reli ya Kati imekatiza Kilosa tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalikuwa na korona zao, mashine za kuchuna nyuzi ambazo jina lake limetokana na mitambo ya Kijerumani. Tofauti ni kwamba kelele zile zilikuwa na mahali pake na saa yake. Korona ilikuwa shambani, ikaanza na zamu na kunyamaza na zamu. Aliyeifanyia kazi aliumia masikio, na leo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge. Wataalamu wa afya ya kazini hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa hatari kwa masikio. Sasa mota imehama kutoka kiwandani hadi uani. Ipo hatua chache kutoka kitanda cha jirani, haina zamu, na aliyeisimika hakuwahi kuulizwa itasikikaje usiku.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunasema "kelele" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali Kiswahili kina maneno ya kutosha kumwelekeza fundi kwenye kosa lenyewe: mashine inatetema, inakwaruza, inagonga, au inavuma? Kila neno lina ugonjwa wake. Ikitetema, tatizo mara nyingi lipo kwenye msingi. Mota ya kawaida ya pampu huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na ikifungwa kwa bolti juu ya zege lililoungana na ukuta wa nyumba, ukuta wote unageuka ngoma, na bati la juu linaitikia. Pampu ile ile ikikalishwa kwenye kitalu cha zege kilichotengana na nyumba, chini yake pakiwekwa mpira mnene, na kipande kifupi cha mpira kikaunganisha pampu na bomba, ngoma inakosa ngozi. Wanaotengeneza makatambuga wanao mpira wa tairi kuukuu wa kutosha kwa pampu zote za kata nzima.

Ikikwaruza kama iliyomeza kokoto, pampu inalia kiu. Pampu inayokaa juu ya ardhi haisukumi maji kutoka chini. Inayanyonya, na kwa vitendo haiwezi kuyanyonya zaidi ya mita saba au nane kwenda juu. Maji yakishuka chini ya hapo, mapovu ya mvuke yanajitengeneza ndani ya pampu na kupasuka kwenye bapa zake, na kila kupasuka kunamega chembe ya chuma. Kwa hiyo kelele hiyo ni sauti ya mali yako ikiliwa. Jambo linalonishangaza ni jinsi kalenda ya mvua inavyowaficha mafundi wetu. Pampu ikifungwa masika, kisima kikiwa kimejaa, inakwenda vizuri, fundi analipwa, watu wanapeana mikono. Ikifika Agosti au Septemba maji yameshuka, pampu inaanza kukwaruza, na fundi anasema imechoka. Haijachoka. Iliwekwa mahali pasipo pake, na kisima cha kina kile kilihitaji pampu ya kuzamishwa, ambayo kwa bahati njema ndiyo iliyo kimya kuliko zote, kwa kuwa maji na udongo vimeizunguka pande zote.

Kishindo kimoja kizito wakati pampu inapozima, kama mtu aliyepiga bomba kwa nyundo, ni maji yaliyokuwa yakipanda yakianguka kurudi chini na kusimamishwa ghafla. Dawa yake ni valvu nzuri ya kuzuia maji kurudi, iliyofungwa mahali sahihi. Kuvuma bila kuzunguka mara nyingi ni umeme mdogo, hasa jioni mwishoni mwa laini, na hapo mota inaungua huku mwenye nyumba akidhani inajitahidi. Pampu inayowaka na kuzima kila dakika ina tangi la presha lililopoteza upepo wake. Hita ya maji nayo ina lugha yake: ikiwa mpya kabisa na mabomba yanatoa mlio wa "tik, tik", bomba limepata moto, limerefuka, na limebanwa mno ukutani likakosa pa kwenda; ikiwa imetumika mwaka mmoja au miwili na inaunguruma kama sufuria, chumvi za maji ya kisima zimeganda juu ya koili zikawa ukoko, na maji yanachemkia chini ya ukoko huo. Sioni hata kelele moja katika hizi ambayo jirani anapaswa kuizoea. Kila moja ina chanzo, na karibu zote fundi makini angezikwepa siku ya kwanza.

Kuna anayesema kwamba mchana hasikii kitu, basi wanaolalamika usiku wana chuki. Mchana hasikii kwa sababu kijiji chenyewe kina sauti: kuku, pikipiki, watoto, upepo. Usiku sauti hizo zinaondoka. Na zaidi ya hilo, ardhi hupoa baada ya jua kuzama, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepinda kuelekea angani inapinda kurudi ardhini. Ndiyo maana garimoshi lililo mbali husikika usiku kama lipo nyuma ya nyumba. Sauti ya pampu nayo husafiri hivyo hivyo. Mlalamikaji wa saa nane usiku na mwenye pampu wa saa nane mchana wote wanasema kweli, ila wanazungumzia hewa mbili tofauti.

Hesabu yake si ngumu. Pampu ya juu ya ardhi mara nyingi hutoa kati ya desibeli 60 na 70 kwa mtu aliyesimama mita moja. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, zinapungua desibeli sita hivi. Tuanze na 65: ukiwa mita 2 zinabaki 59, mita 4 zinabaki 53, mita 8 zinabaki 47, mita 16 zinabaki 41. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza sauti isiyokatika ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mwaka 2009 likapendekeza kwa Ulaya wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba nyakati za usiku. Angalia tena zile namba. Pampu iliyo mita 4 kutoka dirisha la jirani imevuka mpaka mbali sana, na ile iliyo mita 16 imeukaribia. Viwanja vya Chanzuru si vya Kariakoo. Mita 12 za kusogeza pampu zipo. Kinachohitajika ni bomba na waya mrefu kidogo, na fundi aliyefikiria kabla ya kuchimba msingi. Ikumbukwe pia kwamba ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, ingawa sikio linalisikia kama mara mbili tu. Tofauti ya 53 na 41 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Nirudi kwenye "utazoea", maana ndiyo hoja inayopendwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Ni kweli kwamba mtu huacha kuamka. Watafiti wa usingizi waliopima watu waliolala wameona pia kwamba moyo hauachi: mapigo hupanda kila sauti inapoingia, hata kwa mtu ambaye asubuhi ataapa kwamba alilala fofofo. Shirika la Mazingira la Ulaya lilikadiria mwaka 2020 kwamba kelele za muda mrefu, hasa za barabara, zinachangia wagonjwa wapya 48,000 wa moyo na vifo 12,000 vya kabla ya wakati kila mwaka katika bara hilo. Pampu ya kijijini si barabara kuu ya Ulaya, na sidai kwamba itaua mtu. Nadai jambo dogo zaidi: kuzoea si ushahidi kwamba hakuna madhara. Anayezoea ameacha kulalamika, basi.

Hoja nyingine inasema mashine yenye nguvu lazima ingurume. Hii ni imani ya zama za injini za dizeli, na wilaya ya Kilosa ina ushahidi wa kuipinga unaopita kila siku. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma na kusimama Kilosa. Treni hiyo ina nguvu kubwa kuliko kichwa cha dizeli cha reli ya zamani, na bado kinachosikika zaidi inapopita ni magurudumu na upepo, si injini. Wazee walishalisema hili kuhusu debe tupu. Mota nzuri iliyofungwa vizuri inageuza umeme kuwa kazi. Mota iliyofungwa vibaya inageuza sehemu ya umeme huo kuwa joto, mtikisiko na beringi zilizochakaa, na mwenye nyumba anailipia sehemu hiyo kwa luku ile ile.

Nakubali kwamba mashine ya kusaga ina kesi yake. Kinu cha nyundo hakiwezi kunyamazishwa kwa kipande cha tairi. Kazi yake yenyewe ni kupiga nafaka kwa vyuma vinavyozunguka kwa kasi hadi ipite kwenye chekeche. Unaweza kupunguza: nyundo zilizolika upande mmoja zibadilishwe zote kwa pamoja ili uzani ulingane, mkanda na puli vinyooshwe, banda lijengwe kwa matofali upande unaotazama nyumba badala ya bati tupu. Baada ya hayo yote bado itapiga kelele, na watu wanahitaji unga. Kwa kinu, basi, swali linahama kutoka kwa fundi hadi kwa kijiji: kikae wapi, kifanye kazi saa ngapi? Sitamuunga mkono anayetaka mashine ya kusaga ifungwe kwa sababu inasikika saa nne asubuhi. Wala sitamuunga mkono mwenye mashine anayekoboa mpunga wa wateja hadi saa sita usiku kwa kisingizio cha msimu.

Wengine watauliza fedha zinatoka wapi. Fundi anayetengeneza msingi wa pekee, anayeweka mpira, anayesogeza pampu na kupima kina cha kisima atadai zaidi kuliko anayefunga bolti nne na kuondoka. Ni kweli. Lakini kulinganisha bei hizo mbili ni kulinganisha kazi nzima na nusu ya kazi. Yule wa bei ndogo amehamisha sehemu ya gharama kwenda kwa jirani, ambaye analipa kwa usingizi, na sehemu nyingine kwenda mwakani, pampu itakapohitaji beringi mpya. Na dawa kubwa kuliko zote haihitaji hata fedha za ziada kwa aliye na tangi lililoinuliwa: jaza tangi mchana, maji yashuke yenyewe usiku. Ni ajabu jinsi nyumba nyingi zilivyo na simtanki juu ya mnara na bado pampu inawashwa usiku wa manane kwa sababu mtu anataka kunawa.

Inabaki hoja ya ujirani, nayo naiheshimu. Kijijini huwezi kumshtaki mtu ambaye kesho mtachimba naye kaburi. Ndiyo maana sipendekezi mashtaka yawe njia ya kwanza. Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeweka viwango tofauti vya mchana na usiku kulingana na aina ya eneo, na baraza la mazingira, NEMC, limezitumia kuzifungia baa na kumbi za starehe mijini. Pampu ya uani Chanzuru haitapata zamu yake katika foleni hiyo, na pengine haistahili kuipata. Leseni ambazo mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, huwapa mafundi wa kufunga umeme zina lengo la usalama wa umeme. Lakini yapo makubaliano yanayotangulia ujirani: yale kati ya mnunuzi na aliyemuuzia na kumfungia. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Mnunuzi akisema mapema, mbele ya shahidi au kwenye karatasi, kwamba anataka pampu itakayofanya kazi mita kadhaa kutoka vyumba vya kulala bila kuamsha watu, amebadilisha mzigo wa hoja. Sasa jirani hagombani na jirani. Wote wawili wanamwangalia fundi.

Wenzetu wamelifikia hili kwa njia ya sheria. England, mwenye nyumba aliyetaka kufunga pampu ya joto bila kuomba kibali maalumu alibanwa kwa miaka mingi na kikomo cha desibeli 42 kwenye dirisha la jirani, na hesabu ilifanywa na fundi kabla ya kufunga. Ujerumani, kiwango cha ujenzi cha DIN 4109 kinataka sauti ya mitambo ya jengo isizidi desibeli 30 kwenye vyumba vya kuishi na kulala. Hatuna haja ya kunakili namba hizo. La kujifunza ni nani anayetakiwa kutoa jasho: anayefunga, tena mapema, wala si anayekosa usingizi, tena baadaye.

Halmashauri ya kijiji ina uwezo, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kutunga sheria ndogo. Ya kelele za mashine haihitaji zaidi ya ukurasa mmoja: pampu mpya isikae karibu na ukuta wa jirani kuliko umbali uliokubaliwa na mkutano wa kijiji, kinu kisifanye kazi kabla ya saa moja asubuhi wala baada ya saa mbili usiku isipokuwa kwa ruhusa ya msimu wa mavuno, na mgogoro uanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji akiwa na fundi aliyefunga mashine hiyo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho ninachokitaka kuliko vyote, kwa kuwa leo fundi ndiye mtu pekee asiyekuwepo wakati wa ugomvi alioupanda.

Hadi sheria ndogo hiyo iandikwe, mnunuzi ana silaha yake mfukoni. Ukimwita fundi wa pampu au hita wiki ijayo, mwambie tangu mwanzo kwamba fungu la mwisho la fedha yake litatoka baada ya saa nne usiku, mashine ikiwa imewashwa na wewe ukiwa umesimama nje ya dirisha la jirani unasikiliza.